Nilivyomvalia Babu Barakoa ya Hewa

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshuka kwenye kivuko saa nne asubuhi. Upepo wa kisiwa cha Ærø umenipokea kwa kofi. Nimekuja kutoka chuo kikuu cha Aarhus na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, niandike kwa utulivu sura ya tatu ya tasnifu yangu, "Dola, Takwimu na Mwili wa Mfanyakazi". Kamati ya wanafunzi imenisimamisha uenyekiti kwa majuma manne. Sababu: urefu wa hotuba. Wataniomba nirudi.

Nimeikuta dhuluma mezani, kati ya siagi na pate ya ini ya kupaka mkate.

Ni kisanduku cha kijivu, ukubwa wa mkate, chenye bomba refu na barakoa ya kufunika pua. Kliniki ya usingizi ya Svendborg imempa Babu Laurits. Kisa chenyewe nimekipata kwa vikombe vitatu vya kahawa. Mwezi Novemba, akiendesha basi la shule, Babu alisimama kituo cha Bregninge, mlango ukafunguka, naye akasinzia palepale juu ya usukani, injini ikinguruma. Dakika kumi na moja! Watoto kumi na tisa walikaa kimya wakidhani anawatania. Alipozinduka hakusubiri kushtakiwa. Alikwenda mwenyewe kwa daktari. Wakampima. Akilala, koo lake hulegea, njia ya hewa hujifunga, na pumzi hukatika mara thelathini na nne kwa saa. Mashine husukuma hewa puani ili njia ibaki wazi.

Leseni imezuiwa. Atarudishiwa tu iwapo mashine itathibitisha kwamba ameivaa walau kwa muda wa saa nne kila siku. Tarehe 11 muuguzi atasoma kumbukumbu zake. Ikifika tarehe 1 Machi bila barua ya kliniki, halmashauri itampa mtu mwingine basi aliloliendesha kwa miaka thelathini na mmoja.

Mashine itathibitisha! Nimesimama. Nimegonga meza, pate imetikisika. Nimesema: tazameni jinsi dola, isiyotosheka na jasho la mfanyakazi mchana, inavyoingia chumbani mwake kuhesabu hata pumzi zake! Nimesema: leo pua, kesho ndoto! Nimeendelea kwa dakika ishirini hivi.

Babu amesikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi. Amesema ni hotuba nzuri, nzuri sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo leseni itakuwaje.

Hapo ndipo fikra ilipozaliwa. Mashine inahesabu saa. Haijui pua ni ya nani. Nitaivaa mimi! Mjukuu atavaa hatamu, babu atalala huru. Alikuwa amekwisha kuivaa siku tatu. Nilimuuliza ilikuwaje. Akajibu haikuwa mbaya. Hivyo ndivyo wanyonge walivyofundishwa kusema.

Nilipoichukua kuipandisha kwenye chumba changu cha darini, alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Haya, Tyra."

Kimya cha mtu aliyezidiwa na shukrani.

Jumanne, 4 Februari

Vita vya kwanza. Nilifunga kanda za barakoa kichwani, nikawasha. Hewa ikaingia puani kwa adabu, kisha bila adabu. Nikakumbuka aya ya hotuba, nikafungua kinywa kuikariri. Kosa! Upepo wote ulitokea mdomoni, mashavu yakapepea, na neno "ukombozi" likatoka kama mlio wa bata. Nilijaribu mara tatu. Bata, bata, bata.

Asubuhi kioo cha mashine kimeonyesha muda wa saa mbili na dakika kumi, na uso wa manjano uliokunja midomo. Unanihuzunikia! Kisanduku cha plastiki!

Bodil, jirani, ameingia bila kubisha, mikono imebeba keki ya mdalasini. Alikuwa mwokaji mikate mjini Søby mpaka alipostaafu, na anatumia mashine kama hii kwa mwaka wa tisa, kwa hiari yake. Wakala wa adui, kwa ufupi. Ameuliza mashine ya Laurits iko wapi. Nimemjibu kwamba iko mikononi mwa wananchi.

Akanieleza, bila kuombwa, kwamba koo la Babu ni sawa na mfuko wa karatasi wa mkate. Ukiunyonya, unabana, ukiupuliza, unabaki wazi. "Haya basi, msomi," akasema, "hapo dola imeingilia wapi?"

Nilianza kumweleza ilipoingilia. Alikata keki. Akasema mimi ningeandamana hata kupinga Jumatano. Babu akacheka, kisha akaniona, akajifanya anakohoa.

Ana macho mekundu. Amelala vibaya, maskini. Athari za siku zile tatu za mateso, bila shaka.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi! Nimelala na barakoa kwa muda wa saa sita kamili, kinywa nimekifunga kwa plasta. Na tazama: asubuhi kioo kimeandika muda wa saa kumi na mbili! Uso wa kijani, tabasamu hadi masikioni. Nimetafakari hili kwa makini. Ama ubepari haujui hesabu, ama mapafu yangu, yaliyokomazwa na majukwaa, yanafanya kazi ya watu wawili. Naelekea jibu la pili.

Nakiri kwamba tabasamu lile limeanza kunigusa. Nimejipangia kulipata kila siku hadi tarehe 11. Hii si tamaa, ni nidhamu.

Na Babu! Tangu jana ni mtu mwingine. Ameziba mfereji wa paa uliovuja tangu Krismasi. Anapiga mluzi akimenya viazi. Ngozi inang'aa. Nimemwonyesha Bodil: tazama, nimesema, anavyochanua binadamu aliyefunguliwa minyororo! Bodil amemtazama Babu kwa muda mrefu. Amemuuliza mistari ile miwili myekundu mashavuni ni ya nini. Babu akasema ni mto wa kulalia. Bodil akasema mito ya siku hizi ina mambo.

Wivu.

Ninashinda mjini Marstal kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, maktabani na milangoni mwa watu, nikikusanya saini za kupinga upelelezi wa usingizi. Zimefika saba. Moja ni ya mbwa, lakini mwenye mbwa aliisaini kwa dhati.

Jambo moja la kupendeza: nikirudi nakuta kitanda changu kimetandikwa, pembe zote zimekazwa kama za kambi ya jeshi. Babu alikuwa mwanajeshi ujanani. Anamhudumia mkombozi wake kimyakimya. Sikumwambia nimegundua, asije akaona haya.

Jumamosi, 8 Februari

Hujuma! Mashine ina kichupa cha maji cha kulainisha hewa. Usiku najaza, asubuhi kimebaki nusu. Lakini jana nilipopanda darini saa kumi alasiri kilikuwa kikavu kabisa. Na barakoa ilinukia sabuni ya kunyolea.

Mtuhumiwa ni mmoja. Bodil! Anaingia humu apendavyo. Anataka mashine iungue, jaribio livunjike, mimi nifedheheke.

Leo kabla ya kutoka nimenyunyiza unga wa ngano kwenye ngazi za darini, kiasi chembamba, kitaalamu. Nikarudi saa tisa na nusu. Nyayo! Zinapanda, zinashuka. Kubwa, bapa, bila kisigino: ndara za sufu za Babu.

Nimekaa kwenye ngazi na ushahidi wangu kwa dakika kadhaa. Kisha nikaelewa, na machozi yakanilenga. Babu analinda! Ameshamshuku Bodil kabla yangu, naye, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, anapanda ngazi kusimama zamu.

Nilimwuliza mbele ya Bodil kama alipanda darini. Akasema alikwenda kutazama dirisha. Nikauliza alilitazama kwa muda gani. Akafikiri. Akasema ni dirisha zuri. Bodil alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akatoka uani, na hata kule tulimsikia.

Kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Jumapili, 9 Februari

Mazoezi ya kliniki. Nilicheza muuguzi, Babu akacheza yeye mwenyewe, vibaya mno. Nilimuuliza analala saa ngapi na barakoa. Akajibu saa tatu asubuhi. Nikasema hapana, jibu ni usiku, saa nne. Akakubali, kisha akasahau. Mtu huyu hajui kusema uongo. Ni kasoro ya kizazi chake. Akaniuliza kama haingekuwa rahisi kusema ukweli. Nilimweleza kwamba ukweli ni zana, na zana hutumiwa na fundi kwa wakati wake.

Alitazama nje. Basi la shule lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, halina mtu, Jumapili. Alisema dereva wa muda ni kijana mwema lakini anamshusha Villads mbele ya lango la shamba la bata bukini. Villads ana miaka sita, anaogopa ndege wale kuliko kitu chochote. Babu humshusha hatua hamsini mbele, kwenye mti wa tufaha. Haijaandikwa popote kwenye ratiba.

Akasema si leseni peke yake anayoitaka. Anataka ajue kwamba hatalala tena watoto wale wakiwa nyuma yake. Akaokota makombo mezani kwa kidole, moja moja.

Nikabadili mada, nikarudi kwenye mbinu.

Jumanne, 11 Februari

Ninaandika nikiwa kwenye kivuko cha kurudi kutoka Svendborg.

Muuguzi anaitwa Merete. Mwanamke mfupi, nywele za mvi zimekatwa kama za mvulana, sauti ya mtu aliyesikia kila kitu. Ameitoa kadi ya kumbukumbu, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akaketi kusoma. Akasogeza kiti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Akasema, "Laurits, hapa inaonekana unalala saa kumi na tatu kwa siku."

Babu akasema mvua imekuwa nyingi.

Muuguzi akageuza kompyuta tuone. Kila siku, akasema, kuna watu wawili humu. Mmoja anaivaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Huyo ni mgonjwa wake, anamjua: njia ya hewa inajaribu kujifunga, mashine inapandisha shinikizo, koo linafunguka, analala kama jiwe. Vizuri sana. Lakini usiku anakuja mwingine. Huyu hana ugonjwa wowote. Koo safi, mapafu ya farasi. Ila siku za mwanzo hewa inavuja mdomoni bila kukoma, kwa vipindi vya dakika ishirini, ikipanda na kushuka. Ameona wanaokoroma, wanaosaga meno, wanaolia. Hajawahi kuona mgonjwa anayehutubia.

Saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri! Nilihisi unga wote wa ngano wa dunia ukinimwagikia kichwani. Ndara. Kitanda. Sabuni. Mistari mashavuni!

Nilisimama. Nilianza, "Mbele ya sayansi na mbele ya tabaka la wafanyakazi, nakiri…" Merete akaniambia niketi. Nikaketi.

Nikamgeukia Babu nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaipenda mashine ile. Alizungusha kofia magotini. Akasema nilikuwa na furaha sana. Na hotuba ilikuwa nzuri. Usiku alikaa kitini kwa redio hadi kulipokucha, maana aliogopa kulala bila hewa, halafu nikitoka anapanda darini. Akaongeza kwamba godoro langu ni gumu, nitafute jingine.

Siku zote hizo! Mzee amekesha kitini kwa sababu yangu mimi!

Merete akasema samahani, kumbukumbu zimechanganyika, hawezi kusaini barua kwa pumzi za watu wawili. Atampa Babu majuma mawili mengine, peke yake, usiku, mpaka tarehe 25. Zikitoka safi, barua itatoka siku hiyo hiyo. Zisipotoka safi, tarehe 1 Machi itafika kama ilivyopangwa. Babu alitikisa kichwa kukubali. Uso wake ulikuwa mweupe.

Ndipo Merete, pengine kwa kunionea huruma, akauliza jina langu kamili. Alipolisikia akanitazama upya. Kabla ya kliniki hii alifanya kazi miaka kumi na minane katika wodi ya watoto njiti. Akamtazama Babu. Babu akasema ndiyo, ni yeye.

Sikuwahi kuambiwa kwa urefu. Nilijua tu kwamba nilizaliwa mapema. Babu alieleza, akiongea zaidi na kofia kuliko na mimi: majuma kumi na moja kabla ya wakati, gramu elfu moja na mia moja, mapafu hayajakomaa kubaki wazi yenyewe. Wakanivika kofia ndogo ya sufu, wakafunga humo vijibomba viwili vya kuingia puani, wakanipulizia hewa polepole, mchana na usiku, kwa siku arobaini. Hewa ile ile. Kazi ile ile. Mama alikuwa mgonjwa chumba kingine. Babu aliomba likizo, akakaa. Kila saa nilijitahidi kuving'oa. Nilikuwa na mkono wa ukubwa wa kijiko cha chai, nao ukavipata. Merete akavirudisha, nikaving'oa.

"Alikuwa hatulii," Merete akasema.

"Mpaka leo," akasema Babu, na akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mzito, kama anashikilia kofia isitoke.

Sikuwa na hotuba. Naandika hili kwa sababu ni tukio la kihistoria.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwandikia Babu barua ya kuomba radhi. Kurasa nne. Ameomba muhtasari. Nikasema samahani. Akasema huo ndio mzuri.

Mashine imerudi kando ya kitanda chake. Nimekatazwa kuigusa, kuihutubia, au kuitazama kwa namna fulani. Bodil ameketi mlangoni mwa chumba cha Babu na nyuzi zake za sufu za kufuma, kama askari. Amenikatia kipande cha keki kikubwa kuliko cha Babu. Nimekila chote. Siwezi kueleza kwa nini kilinichoma vile.

Nimelala darini bila upepo puani. Kimya kikubwa. Nimekosa, nakiri, kile kiuso cha kijani.

Jumatano, 26 Februari

Barua imetoka! Jana, saa tano na robo. Majuma mawili, pumzi za mtu mmoja, safi. Merete ameipiga mhuri mbele yetu, na Babu ameomba kalamu ya kusaini ingawa hakukuwa na pa kusaini.

Leo asubuhi aliendesha. Niliketi kiti cha nyuma kabisa, nikajizuia. Watoto walipanda mmoja mmoja, kila mmoja akamkagua macho kwa karibu kabla ya kuketi. Bila shaka walikubaliana. Mmoja akamuuliza kama leo atalala. Babu akasema hapana, amekwisha kulala. Wakaridhika. Aliimba kutoka Bregninge mpaka shuleni, vibaya, na wote wakaimba naye. Mchana, tukiwarudisha nyumbani, Villads hakushuka kwenye lango la bata bukini. Nilitazama dirishani upande mwingine kwa muda, sababu ni yangu mwenyewe.

Na katika dirisha lile, ghafla, nikaona kosa langu lilikuwa wapi.

Nilikosea adui! Hewa si mnyororo. Hewa ni haki! Iliniokoa utotoni, imemwokoa Babu uzeeni. Kati ya hapo kuna mamilioni wanaokoroma bila sauti ya kuwasemea! Kwa nini mwananchi angoje mpaka alale kwenye usukani? Kila pua, kila kitanda, kwa sheria! Na wasiotaka wavalishwe, kwa manufaa yao wenyewe! Nimekwisha kuandika tamko, kurasa kumi na sita. Jumamosi nitalisoma uwanjani Aarhus mbele ya kamati, ambayo haitathubutu kunisimamisha tena, na nitaonyesha mashine yenyewe ikiwa imewashwa, juu ya meza, mbele ya umma.

Jioni nilimwendea Babu kumweleza kwamba ataikosa kwa siku mbili tu, labda tatu.

Alisema hapana.

Neno moja. Bila maelezo, bila kuniangalia, bila hata kusifu hotuba. Akaingia chumbani na mashine kwapani, akafunga mlango, nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili. Baada ya muda hewa ikaanza kwenda na kurudi, taratibu, ndani ya nyumba nzima. Nilisimama pale kwenye korido nikisikiliza zaidi ya ilivyohitajika.

Nimemwelewa. Mwanaharakati wa kweli hatoi silaha yake. Humsukuma mwenzake atafute ya kwake. Kesho asubuhi, Bodil akienda kuogelea kama desturi yake, nitachukua mashine yake ya hewa. Hatakasirika. Ni mwanamke wa maendeleo.